Historia ya Utumishi wa Boti Furu

Jumatatu, 4 Julai 1994
Nimepaka mashine grisi. Nimechota maji yaliyojikusanya ndani ya boti. Nimekunywa chai. Kisha Bosi mpya wa kituo chetu akaniita. Ana umri wa mwanangu wa kwanza, shikamoo haijui. Anataka niandike historia ya utumishi wa Furu, kurasa mbili, kwa ajili ya mnunuzi. Ndiyo, inauzwa. Soko huria. Boti pekee ya uokoaji upande huu wa ziwa, na mwenye kiwanda cha minofu kule Nyakato anataka kuigeuza baa. Sangara amemmaliza samaki mdogo furu ziwani, sasa anamfuata hadi ofisini.

Jumatano, 6 Julai
Nimeandika. Ililetwa na wanamaji wa Kiingereza wakati wa vita kuhudumia ndege zinazotua majini: kuzipelekea mafuta, kuzivuta, kushusha watu. Ndiyo maana ubavu wake ni mfupi, karibu usawa wa maji, na umezungushiwa mpira, isiumize bawa. Baada ya Uhuru ikawa ya doria. Tulikimbiza magendo ya kahawa, tukaokoa watu. Kwa ubavu ule mfupi, mtu mmoja anaweza kumpandisha anayezama. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi.

Bosi amesoma nusu. Niongeze neno "kifahari". Mjinga.

Jumanne, 12 Julai
Wameipandisha nchi kavu ipakwe rangi. Nyeupe, kama friji. Mashine wameing'oa, iko stoo. Mnunuzi ataleta yake. Nimemwambia Bosi boti ya mbao haikai juani, mbao zitasinyaa ziachane. Kila mtoto wa Ukerewe anajua. Nikaiongeza sentensi hiyo kwenye historia. Ameikata kwa kalamu nyekundu. "Mzee, acha ushamba. Hii ni biashara." Ana digrii. Ya nini, sijui.

Ijumaa, 29 Julai
Jua kali. Kidole changu kidogo kinaingia kati ya mbao na mbao. Bosi kaamuru pazibwe kwa puti ya madirisha, rangi juu. Puti! Sikio la kufa halisikii dawa. Nimenyamaza.

Jumamosi, 6 Agosti
Sherehe. Viti vya plastiki, soda, kwaya. Bosi kaisoma historia yangu kana kwamba kaitunga yeye. Furu ikashushwa, mnunuzi na wageni wake wakapanda. Mchungaji hajafika amina, puti imeachia. Ilizama palepale, maji ya kifua. Mnunuzi alitoka viatu mkononi, tai inaelea. Nilicheka hadi nikashika nguzo.

Kisha nikaona paa la Furu tu juu ya maji. Nilijua, na leo sikusema neno. Nilitaka waaibike kuliko nilivyotaka boti ipone. Najichukia.

Jumatatu, 8 Agosti
Mnunuzi kajitoa. Bosi anataka mstari wa mwisho: "Ilizama. Imefutwa kwenye orodha." Nimeuandika, kagonga muhuri. Hakuuliza mbao ikilala majini inakuwaje.

Alhamisi, 18 Agosti
Bosi yuko Dar, semina. Mimi na nahodha Magesa tumeivuta kwa kapi hadi maji ya magoti, tumeichota maji kwa ndoo tangu asubuhi. Mbao zimevimba, zimekutana. Haiingizi hata tone. Wavuvi huzamisha mitumbwi yao makusudi kwa sababu hiyo hiyo, bila digrii. Mashine tumeirudisha kwa kapi. Mgongo unauma. Nina furaha ya kijinga.

Jumapili, 21 Agosti
Mtumbwi wa kutoka Sengerema umepinduka karibu na mawe. Hakuna boti nyingine ya kutuma. Tumekwenda. Watu tisa, wote hai. Nimewapandisha ubavuni mmoja mmoja. Mama mmoja, anatetemeka, kauliza boti hii ni ya nani, amshukuru. Magesa akaniangalia. Nikashuka kwenye mashine.

Nimefungua daftari la safari, nikalifunga. Kwenye karatasi Furu imekufa, na marehemu haandikiwi safari.

Nimepaka mashine grisi. Nimekunywa chai.