Shati la Justin

Jumatatu, 6 Mei

Nimesahihisha intero, majaribio ya fizikia. Wanafunzi ishirini na wawili bado wanaamini jiwe zito huanguka haraka kuliko jiwe jepesi. Nimewaandikia kwa biki nyekundu: "Nani alikudanganya?" Mabomu upande wa Sake tangu asubuhi. Darasani hakuna aliyegeuza hata shingo.

Nimefika nyumbani Katoyi saa tisa. Mke wangu hayupo. Ameenda tena kambini Mugunga kwa Mama Devota, anayedai kuwaona waliopotea ndani ya beseni la maji. Mara ya nne hii. Miezi mitatu imepita tangu Justin, kifungua mimba wetu, apande pikipiki kwenda Sake kumtoa mama yake mdogo vitani. Mama mdogo alifika salama, kwa miguu, na watoto wake wote. Hakukutana na Justin njiani. Tangu siku hiyo hakuna simu, hakuna maiti.

Nimekula viazi baridi. Nina hasira na kila mtu.

Alhamisi, 9 Mei

Beseni limesema: Justin yu hai, yuko mahali penye miti mingi. Kivu hii, pasipo na miti ni wapi? Mwanafunzi akinijibu hivyo nampa sifuri.

Lakini leo mke wangu amekula sahani nzima ya sombe na kuongeza. Daktari na vidonge vyake hakuweza kumlisha. Padri hakuweza. Mimi ndiyo kabisa. Nilimtazama akitafuna, nikaona wivu.

Jumapili, 12 Mei

Baada ya misa padri ametuita pembeni. Kwa upole mwingi. Ameshauri tusomeshe misa ya marehemu, tuketi kilio, watu waje watufariji. Mke wangu amemjibu: "Padri, siwezi kuliya mutu iko muzima." Akaondoka. Padri akabaki ameushika mkono wangu mimi.

Kichwani nakubaliana na padri. Wanasema asiyejua kufa atazame kaburi. Sisi kaburi hatuna. Njia nzima ya kurudi watu wanatusalimu: Papa Justin, Mama Justin. Sijui kama wanajua wanavyotuumiza.

Jumanne, 14 Mei

Leo nimemsindikiza mke wangu. Nia yangu ilikuwa moja: kumuumbua yule mwongo mbele ya wateja wake.

Nilitegemea mwizi. Nimekuta mama mzee mwenye miguu iliyovimba, mkimbizi wa Masisi, ndani ya kibanda cha mbao kilichoezekwa turubai. Rozari shingoni. Anapokea maharage kidogo, na asiye nayo hadaiwi. Mganga hajigangi: mume wake naye alipotea, na maji hayajawahi kumwonyesha. Amelisema mwenyewe, bila aibu. Nilikuwa nimetayarisha maswali saba. Sikuuliza hata moja.

Ametuambia angeona vizuri zaidi akipata nguo ya Justin ambayo haijafuliwa. Mke wangu amekataa palepale. Ipo moja tu, shati la mistari alilolivua asubuhi ile na kuliacha msumarini. Mke wangu amelifunga ndani ya mfuko wa nailoni. Jasho na esansi, mafuta ya pikipiki. Huufungua mara moja kwa juma, kila Ijumaa, ananusa kidogo, anafunga haraka harufu isiishe. Mimi sijawahi kuomba ninuse. Nimetamani sana.

Jumatano, 15 Mei

Rafiki yake Justin, dereva wa pikipiki kama yeye, amekuja kuniona shuleni. Wamekuta pikipiki imeungua mtaroni, karibu kufika Sake. Karieri ya nyuma, ya kubebea mizigo, waliichomelea pamoja, yeye na Justin. Ameniletea kipande. Nimekitambua na mimi.

Nimekificha chini ya vitabu. Sikumwambia mke wangu. Nilipofika nyumbani alikuwa sokoni. Nikafungua ule mfuko, nikachukua shati, nikaenda nalo Mugunga, mbio mbio. Mfa maji haachi kutapatapa. Na ana diploma ya fizikia huyu mfa maji.

Mama Devota amelipokea kwa mikono miwili. Akasema lilale mbele ya mshumaa, nilifuate Ijumaa asubuhi.

Alhamisi, 16 Mei

Ndani ya mfuko nimeweka shati langu. Nimefundisha vibaya. Naogopa.

Ijumaa, 17 Mei

Nilipanga kutoka alfajiri. Mke wangu aliniwahi. Alifungua mfuko, akaingiza uso. Sekunde moja ilitosha. Hakupiga kelele. Alisema tu: "Iko wapi?"

Tumeenda pamoja, yeye mbele. Mama Devota ametoka mlangoni akitabasamu, shati mikononi. Limefuliwa. Limepigwa pasi ya makaa, limekunjwa vizuri, linanukia sabuni ya unga. Amesema: "Nilimaliza kusali, nikaifula. Siwezi kurudishia mutu nguo iko na jasho, ingekuwa haya kwangu."

Ni kweli. Kwetu hakuna anayerudisha nguo ya mtu ikiwa chafu. Hata mimi mama yangu alinifundisha hivyo. Angekuwa ametuibia ningempiga. Alikuwa ametuheshimu.

Mke wangu amesema: "Aksanti, mama." Tumetembea hadi barabarani. Hapo akalifungua, akanusa kwapa moja, akanusa la pili, akanusa kola. Akalikunja upya kwa kufuata mikunjo ya Mama Devota. Akaniambia Justin amekufa.

Nikamwambia habari za karieri. Akatangulia kurudi. Nimemuua mtoto wake kwa mara ya pili na najua anawaza hivyo.

Jumatatu, 20 Mei

Misa ya marehemu imesomwa. Tumeketi kilio tangu Jumamosi. Akina mama kwenye mikeka, wanaume kwenye viti vya kuazima. Shule imefika yote. Mke wangu amelia jinsi inavyotakiwa, kwa sauti, na wenzake wakimshika. Watu wanasema afadhali, sasa atapumua.

Hapumui. Hali tena. Akina mama wanamsogezea ugali, anausukuma. Ule uongo ulikuwa unamlisha na mimi nimeuondoa mezani. Hajaniangalia machoni tangu Ijumaa.

Alhamisi, 23 Mei

Wageni wameondoka, viti vimerudishwa. Amekwenda kukaa kwa mdogo wake. Hakusema anarudi lini.

Jumamosi, 25 Mei

Mvua asubuhi. Sina masomo leo. Nimefua suruali mbili, nimefagia uwanja. Saa nne nikachukua kopo la maharage, nikaenda Mugunga.

Kulikuwa na akina mama sita kwenye benchi. Wamesogea, nikakaa. Mmoja alitoka ndani akijipangusa macho, akatuaga vizuri. Zamu yangu ilipofika Mama Devota hakuuliza kwa nini nimekuja peke yangu. Aliangalia maji muda mrefu. Akasema: "Papa Justin, mutoto iko muzima."

Najua si kweli. Kile kipande nimekishika kwa mikono yangu. Nikasema amina. Kisha nikamuuliza kama huko aliko anapata chakula.