Kamba ya Kayaki Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka. Hilo peke yake ni la kushukuru. Daktari alisema moyo umechoka, tusihesabu miezi — basi nahesabu asubuhi. Chai nusu kikombe. Binti yangu amebadilisha shuka bila kunitoa kitandani.

Shemeji amekuja kuninyoa, kama kila siku tangu mikono yangu ianze kutetemeka. Ni kaka wa marehemu mke wangu, mzee kama mimi. Leo kaniambia nina ndevu za beberu. Nikamjibu, beberu huheshimiwa zizini. "Tulia basi, mwalimu, beberu nisije nikamchinja."

Binti akamwita kutoka jikoni: Mjomba Fundo, unataka sukari? Hamaanishi ubaya, jina amelikuta. Mimi ndiye niliyelisababisha.

Jumatano, 5 Machi

Niandike kwa mpango. Nilifundisha insha miaka mingi, sitaki kufa na yangu nusu.

Tulivua jodari kwa kayaki, mbali, pale nchi kavu inapobaki mstari tu. Jodari mkubwa akinasa, anakukokota wewe na chombo chako. Kwa hiyo tulikuwa na desturi: mmoja akinasa, mwenzake anamfuata, wanaunganisha kayaki kwa kamba, samaki avute uzito wa wawili achoke upesi. Mambo yakiharibika, aliyenasa anakata mshipi. Samaki anaachwa. Kamba haikatwi.

Siku ile alinasa shemeji. Akafunga kamba kwenye kishikio cha kayaki yangu kwa mkono wake, akasema leo tunasafiri bila nauli. Tukakokotwa saa nzima. Nikageuka — nchi siioni. Ukungu. Ningemwambia akate mshipi, angekata bila neno. Lakini hofu ilinifunga mdomo. Alikuwa amenipa mgongo. Nikatoa kisu, nikakata kamba pale pale kwenye fundo.

Meli ya mizigo ilimwokota kesho yake mchana, midomo imepasuka kwa chumvi. Kayaki yake iliachwa huko huko. Watu waliponiuliza nikasema: fundo lilifunguka.

Akaniomba radhi. Yeye! Eti fundo lake bovu lingeweza kuniua na mimi. Ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni wa bahari kufunga kamba. Baada ya hapo hakuna aliyetaka somo lake. Hakurudi majini. Miaka thelathini na moja. Hata kamba za viatu huzifunga mara tatu.

Alhamisi, 6 Machi

Sijasema. Amenyoa, amenipaka mafuta, amenikata kucha. Nilifungua mdomo, nikaomba maji.

Jumapili, 9 Machi

Nimesema.

Alikuwa amemaliza shavu la kushoto. Nikamwambia yote: ukungu, kisu, uongo. Wembe ukasimama chini ya kidevu. Sikuogopa. Kama kuna mkono wenye haki ya kuwa pale, ni ule.

Akauliza kitu kimoja. "Fundo langu je?"

"Lilishika, shemeji. Nilipokaribia ufukweni nilijaribu kulifungua, likanishinda. Nililikata vipande nikavitupa majini."

"Lilishika."

"Lilishika."

Akaufuta wembe kwa taulo, taratibu, pande zote mbili. Akatoka barazani.

Binti alitaka kumalizia shavu la kulia. Nimemkataza. Povu limekauka, linawasha. Msamaha sikuomba; nilihisi ningekuwa namdai tena. Nashukuru tu kwamba sauti ilitosha kufika mwisho. Nashukuru pia kwa asubuhi zote alizokuja, ingawa sasa najua niliziiba.

Namwona kupitia dirisha, mgongo wake tu. Binti kampelekea chai. "Mjomba Fundo, itapoa hiyo."

Shemeji kamwambia, kwa upole kabisa: "Niite mjomba tu."

Binti kanitazama kupitia dirisha, haelewi. Shemeji kaipokea chai, hajainywa. Sasa ameiweka chini. Amesimama. Lango liko kushoto kwake, mlango wangu kulia. Bado hajageuka.