Nguo ya Kanisani

Neema mjukuu wangu,

Hujambo huko Voi? Sisi hapa Doha tu wazima. Mama yako anaendelea na zamu zake hospitalini, na mimi joto la mtaa wetu wa Muaither nimeshalizoea.

Umeniuliza kuhusu somo lenu la Marekani. Ilikuwaje watumwa wa Texas wapate habari za uhuru wao mwaka 1865, na tangazo lilitolewa zaidi ya miaka miwili kabla ya hapo? Unasema walikuwa wajinga. La, mama. Kuna watu waliikalia habari hiyo.

Nilipokuwa msichana tulianika mkonge shambani hata Jumapili. Siku moja akapita mwanamke wa shamba jirani, amevaa nguo ya kanisani.

"Mbona mko kazini?" akashangaa. "Jumapili ni ya kupumzika tangu Krismasi. Nyapara hakuwaambia?"

Tuliuacha mkonge pale pale. Wenzangu walienda kulala. Mimi nilishika njia hadi shamba la mbele, na nguo zangu chafu, nikawaambia na wao.

Juzi Ijumaa, ambayo hapa ndiyo siku yetu ya ibada, nilimkuta Mwende, mfanyakazi wa nyumba ya jirani, akiosha mazulia. Hajapumzika hata siku moja tangu aje. Nikamwambia sheria ya hapa inampa siku moja kila wiki.

"Una hakika, nyanya?" akaniuliza.

Ijumaa hii nitabisha mlango wa tajiri wake nikiwa nimevaa nguo ya kanisani. Nimepiga pasi nguo mbili, yangu na ya Mwende.

Nyanya yako