Kambale wa kwenye banio

Stella, uko?

Wifi yangu Elisifa, mke wa kaka, ameingia kwenye banio la mfongo!! Pale mfereji unapochukua maji mtoni, ambapo wanawake tunakatazwa hata kusogea. Na wanaume wote wakiona.

Walihangaika na mapanga asubuhi nzima, wakachafua maji, kambale hata mmoja hakuna. Wifi akavua kandambili, akasimama kwenye tope kimya, akipapasa kwa nyayo. Mara akainama. Kambale mrefu kama mkono! Kamshika nyuma ya kichwa asichomwe na miiba.

Mzee Shedrack, msimamizi wa mfongo, akafoka: "We mke wa Primus, mrudishe huyo! Mwanamke akiingia hapo maji yanakauka!"

"Shikamoo baba," wifi akasema. "Yakauke vipi, na masika haya juzi yamesomba daraja?"

YAMESOMBA DARAJA, Stella! Wanaume walicheka mpaka wakakaa chini.

Akanirushia kambale ukingoni, akaendelea kupapasa. Mzee akanigeukia mimi. "Na wewe binti, mtupe majini!"

Unanijua, sijawahi kumjibu mtu mzima. Nikamwambia, "Huyu anakwenda jikoni, baba." Nikaondoka naye.