Kifua Changu Sicho Anachokidhani Mama Layla

Nyamugari, Gitega
Jumamosi, tarehe 8 Novemba 2025

Mpendwa dada Kadidja, binti ya shangazi,

Asalaam alaykum. Kabla hujakaa vizuri nikuambie: unasoma barua ya mtu mwenye bahati kuliko wote hapa Gitega. Mwanaume mwingine angelemewa na chuma cha kilo tisini, leo mngekuwa mnamsomea dua. Mi nimetoka na bega moja tu, la kulia, limeteguka kidogo. Muganga mwenyewe wa hospitali alishika kichwa, ati mwili kama huu hajauona tangu amalize shule. Kanipa wiki mbili nimepona. Na kifua, dada, hakijapungua hata upana wa kidole.

Haya, habari za Muyinga? Mgongo wa shangazi unaendeleaje na mvua hizi? Na ile cherehani mpya inashona, au bado inakula uzi? Sisi hapa wazima, Alhamdulillahi, isipokuwa hilo bega na jambo lingine nitakalolisema sasa hivi, maana linaninyima usingizi.

Sikupiga simu kwa sababu wewe simu unaifungua sauti mbele ya wateja, halafu Muyinga nzima inatoa maoni. Karatasi haina sauti. Riziki muuza vitenge anapanda gari ya huko kesho, atakupa mkononi.

Unajua mi nafanya vyuma kwa Kastori, pale Magarama. Ni uwanja tu nyuma ya nyumba yake, na vyuma tumevitengeneza wenyewe, saruji ndani ya makopo ya rangi. Wiki tatu zilizopita nikaongeza kopo ili watu waone, nikalala chali kwenye benchi. Nikashusha mbio, viwiko nimevitanua kama kuku anayejikausha. Bega likalia paa! Kosa langu, wala sibishi.

Sasa yule bwana wa kine hospitalini, anayenyoosha watu viungo, kanikataza benchi. Kunyanyua kitu juu ya kichwa, ndiyo kabisa hataki kusikia. Lakini kifua ukikiacha kinayeyuka, na we unajua mi sina kingine cha kuringia, shule niliishia darasa la sita. Basi nafanya anavyonielekeza. Nalala sakafuni nasukuma vikopo vidogo. Kiwiko kikigusa chini ndiyo mwisho, hakiwezi kushuka zaidi kikaumiza bega. Kushusha ni pole pole, mpaka nihesabu nne. Kuna kukutanisha viganja mbele ya kifua na kukandamiza, kama mtu anayeomba msamaha kwa nguvu. Mpira wa ndani wa baiskeli nimeufunga kwenye nguzo, nausukuma mbele bila kupita usawa wa bega. Na pushapu napiga nikiwa nimesimama, mikono ukutani. Bega likianza kuchoma, naacha hapo hapo.

Hizo pushapu za ukuta zimenimaliza heshima. Athumani fundi baiskeli kila akiniona anapiga kelele: "Mahmudu, uachie huo ukuta, Kastori hana mwingine!" Bahati Kastori ananitetea, tena kwa Kiswahili chake cha Tanzania alikokulia: "Mwache afanye taratibu. Wewe ulipoumia goti ulikaa miezi minne bila kufanya lolote, ukaturudia na miguu ya korongo."

Sasa sikia balaa lenyewe. Jumanne nilimpigia mchumba wangu Layla, simu ikapokelewa na mama yake. Nilikuwa kazini dukani, mifuko ya saruji ndiyo inaingia, vumbi limenikaba. Na we unajua adabu zetu: mama mkwe huwezi kumsimulia misuli yako na benchi. Nikajibu kwa ufupi, kwa heshima.

"Mbona unakohoa hivyo, mwanangu?"

"Vumbi tu, Mama. Ila niko na shida ya kifua kidogo."

"Yoo! Tangu lini?"

"Wiki tatu sasa."

"Na unapungua?"

"Ndiyo, Mama. Huko kupungua ndiko kunanitia mawazo."

"Usiku unalala?"

"Eka, Mama. Silali."

Hapo kwenye kupungua niliongeza chumvi, nionewe huruma. Nikakata simu nimefurahi, nikasema huyu mama ananipenda, anauliza kama muganga. Kumbe alikuwa anajumlisha! Jioni Layla akaniandikia: "Pole na kifua. Mama anasema ndoa ingoje mpaka ulete karatasi ya hospitali. Vikombe ulivyonywea amevichemsha."

Kifua kikuu, dada! Mi!

Tangu siku ile nikipiga hakuna anayepokea. Ndoa ni Januari, na naogopa mpaka hapo habari itakuwa imefika kwa wajomba zake wote. Sahani nairudisha imejaa. Na nisipokula nitakonda, nikikonda nikaja huko na mkono umefungwa kitambaa, mama atasema, si nilijua? Nimewaza nije, nimewaza nisije, vyote vinanitisha.

Nimeenda kupima makohozi, nikakaa kwenye foleni na wazee wanaokohoa kwelikweli, mi nimeziba pumzi. Karatasi iko humu ndani ya bahasha. Safi, hakuna kitu. Wewe ndiye uliyenipelekea posa, nyumba ile wanakusikiliza. Nenda ukae na Mama Layla, unywe chai yake, kisha umweleze kuwa kifua ninachosema mi ni hiki cha nyama, cha kwenye shati. Mweleze taratibu, na usicheke. Nakujua we, utacheka. Basi cheka ukishatoka.

Nisalimie shangazi, mwambie nyonga yake na mgongo wake viko kwenye dua zangu kila swala. Msalimie shemeji Hamadi na Salima mdogo. Mungu aufungue mlango wenu kwa wageni wema na aufunge kwa maradhi.

Ni mimi nduguyo, ninayekupenda hata ukinicheka,

Mahmudu

N.B. Nimeifungua bahasha tena. Ile bahati niliyokuandikia mwanzo ni uongo. Muganga hakushika kichwa. Kasema kano ya bega imechanika, ni miezi sita, na huenda mkono wa kulia usipande tena juu ya kichwa maisha yangu yote. Kifua kimepungua sentimita tano, nimepima mwenyewe mara mbili. Hilo mwambie Layla akiwa peke yake, kabla hujampa mama yake karatasi. Akiona hanitaki tena, karatasi usiitoe, waseme ni kifua.