Doti Moja kwa Wawili

Darsait, Maskati

Mjukuu wangu Asya,

Salamu zikufikie huko Kanada na baridi yake. Sisi wazima, alhamdulillahi. Shangazi yako wa Al Khoudh kajifungua binti, na nyumba nzima haina usingizi.

Barua yako imenitia uchungu mpaka chai imepoa. Umenambia bibi yake rafiki yako, mwenyeji wa asili wa huko, alichukuliwa kwa nguvu akatiwa shule ya bweni, akapigwa kwa kusema lugha yake. Mpaka leo maji ya bomba kijijini kwao hayanyweki. Na rafiki yako sasa anawasomesha watoto lugha ile ile.

Unauliza kama nasi tulikatazwa Kiswahili. Bwenini hapa Maskati, sisi tuliokuja kutoka pwani ya Afrika tulikatazwa, tuseme Kiarabu tu. Siku moja mwenzangu Zuwena, katoka kugombezwa, akajifunga kanga iliyoandikwa "Mtasema mchana, usiku mtalala", akampitia mwalimu mbele. Mwalimu hajui Kiswahili, akamsifu: "Maua mazuri hayo." Tulicheka mbavu zikatuuma.

Lakini sisi kila Alkhamisi tulirudi kwa mama zetu, tukasema tutakavyo. Wale watoto wa shule za huko walikaa miaka bila mama zao, na wengine hawakurudi kabisa.

Nakuletea doti ya kanga yenye maneno yale yale. Ikate, kipande chako, kipande cha rafiki yako. Akufundishe yanavyosemwa kwa lugha ya bibi yake, kisha unipigie simu. Nna hamu ya kuyasema kwa sauti, milango wazi.

Bibi yako,
Zuhura