Mchezo wa Watu Wawili Uliokataa Watu Wawili

Likasi, Jumapili, mwezi wa Novemba. Mvua ilianza tukiwa kwenye misa na ikakatika tulipofika mlangoni kwetu, tumeshalowa chapachapa. Sasa ni saa kumi na moja za jioni na jua limerudi kana kwamba halikufanya kitu. Mume wangu Kabwe amelala kwenye kiti kirefu, mdomo wazi. Mimi nina hasira, nina aibu, na chini yake kuna kitu kingine, chepesi, ambacho bado nakiogopa.

Nianze na aibu, maana hiyo ndiyo inayowahusu ninyi.

Mnaosoma hapa mnanijua. Mimi ni Fidé mshonaji, mwanamke wa mashine mbili, ya kushona na ya kucheza. Naandika juu ya michezo ya konsoli, upi unafaa kununuliwa na upi ni kupoteza fedha zako mchana kweupe. Watu wananiuliza mpaka kwenye mstari wa komunyo. "Fidé, ule mpya tununue?" Nami najibu kwa kiburi kabisa. Usinunue wiki ya kwanza. Soma nyuma ya boksi, hasa maandishi yale madogo kuliko yote. Uliza kama unachezeka bila intaneti. Na umuulize mtu aliyeucheza, si mtu anayeuuza.

Alhamisi nilivunja sheria zangu zote nne, nimesimama dukani, hata kiti sikupewa.

Mimi huyu! Mimi ninayepima kitambaa mara tatu kabla ya kushika mkasi! Kwa salopeti moja, ovaroli ya mtu wa machimbo ya Kakontwe, napima, nafikiri, napima tena. Kwa mchezo huu sikupima kitu.

Niwaambie kwa nini, halafu mnicheke mkitaka.

Mnakumbuka ule mchezo wa kamba, niliousifu hapa mpaka mkachoka. Wapeleka barua wawili wanapanda mlima wa barafu, wamefungwa kamba moja kiunoni. Mmoja akiteleza, mwenzake anamvuta. Unahitaji manete mbili, vile vidude vya kushika na kufinya, kila mtu na yake, na televisheni moja, basi. Mimi na Kabwe tumeucheza mpaka diski imejaa mikwaruzo.

Kabwe anafanya kazi kwenye kituo cha umeme cha Koni. Wiki mbili yuko kule, wiki moja yuko hapa. Umeme ukikatika mtaani, jirani anapiga kelele juu ya ukuta: "Papa Koni, tuwashie!" Naye anajibu kwamba yuko kongé, wasubiri arudi kazini. Wiki yake ya nyumbani inapita namna hii: siku mbili analala, siku mbili anatengeneza vitu ambavyo havijaharibika, na zinazobaki tunacheza.

Na tukicheza, tunasema.

Sijui kwenu ikoje. Sisi wawili tukikaa uso kwa uso mezani, tunaongea habari za bukari, yaani ugali, na bei ya makala ya kupikia. Lakini kila mtu akishika manete yake, macho kwenye televisheni, midomo inafunguka. Hapo ndipo aliniambia kwamba mboga yangu ya sombe haijapata chumvi tangu tuoane. Hapo ndipo nilimwambia kwamba dada yake simtaki jikoni mwangu, na yeye akasema "sawa, vuta kamba, naanguka!" na mambo yakaisha. Hakuna aliyemwangalia mwenzake, kwa hiyo hakuna aliyeumia sana.

Tangu Septemba nilikuwa na neno la kumwambia.

Nilikuwa na mimba. Ya kwanza, baada ya miaka minne ya kungoja. Sikumwambia kwa simu kwa sababu nilitaka kuona sura yake, alikuwa anarudi Ijumaa. Jumatano mimba ikatoka. Nilipanda pikipiki peke yangu mpaka zahanati, nikarudi peke yangu, nikafua shuka, nikazianika. Ijumaa alipofika alinikuta nacheka na mteja. Nilikuwa nimeficha habari njema, kwa hiyo na mbaya nikaificha pamoja nayo. Ningemwambiaje alichopoteza wakati hakujua kama anacho? Wiki ikapita, akaondoka tena. Na neno kama hilo, ukilikalia, kila siku linazidi kuwa zito.

Humu kwetu mume anamwita mke wake "mama" hata kama mtoto bado. Kabwe naye ndivyo ananiita. Tangu Septemba, kila akisema "mama", nageuka kutafuta kitu kwenye kabati.

Kwa hiyo niliposikia ule mchezo wa kamba umetoka wa pili, moyo wangu uliruka, maana ule wa zamani tumeuzoea, hauna tena mahali pagumu. Nilijua kabisa nitakavyofanya. Jumapili baada ya chakula tunakaa, tunapanda mlima wetu, na tukifika mahali pagumu, macho yake yakiwa kule, mimi nasema. Ndiyo mpango uliokuwa kichwani nilipoingia kwa Papa Mumba, muuzaji wa michezo karibu na soko.

"Ni wa bantu mbili?" nilimuuliza.

"Angalia picha, mama. Hauone bantu mbili?"

Kwenye boksi walikuwepo wawili kweli, na kamba katikati. Nililipa. Mwenzenu nilikuwa nalipia kitu kingine, si mchezo.

Leo mchana basi. Tumekula samaki wa ziwa Tshangalele, nimeosha vyombo kwa haraka ya mwizi, umeme upo, ajabu. Kabwe anatia diski, anasugua mikono. Kitu cha kwanza mchezo unadai tupakue kipande kilichobaki. Kumbe walichouza kwenye diski si mchezo mzima! Megabaiti zangu zote za mwezi zimeingia humo, na mstari kwenye televisheni unatambaa. Tumengoja mpaka samaki ameshuka tumboni. Kabwe hajalalamika. Ameshikilia manete, ananipa ya kwangu, amekaa kama mtu anayengoja treni.

Kisha ukafunguka. Mlima mzuri, jamani. Theluji inang'aa. Mtu wangu amesimama, mtu wake amesimama, na ni manete moja tu inayofanya kazi.

"Finya ile ya katikati," nikamwambia.

"Minafinya."

"Finya tena."

"Mama, minafinya mpaka kidole kinauma."

Aliingia kwenye kila mlango wa menyu ile. Akatoa betri, akarudisha. Akabadilisha manete, labda mbaya ni ile. Mwisho akachukua boksi, akalisogeza dirishani, akasoma kwa sauti, polepole, maandishi yale madogo ambayo mimi, mwalimu wenu, sikuyasoma. Mchezaji wa pili lazima awe na konsoli yake mwenyewe, mchezo wake mwenyewe, na intaneti yake. Kucheza wawili kwenye televisheni moja wameondoa.

Kabwe akacheka. "Kumbe banataka minye niende na yangu ku Koni, weye ubakie na yako hapa!"

"Sasa kuna tofauti gani na siku zote?" nikamjibu.

Ilitoka vibaya. Nilitaka iwe utani na ikatoka kama kofi. Aliacha kucheka, akaliweka boksi chini taratibu, na mimi nikatamani sakafu inimeze. Mpango wangu umekufa, na juu yake nimemtukana mtu ambaye analala kwenye kitanda cha chuma wiki mbili ili mimi niwe na nyumba.

Lakini huyu mume! Angekuwa mwingine angetoka akanywe bia. Yeye akavuta kiti karibu na changu, akasema, "Basi cheza weye. Minye nitaangalia."

Nikacheza kwa sababu sikujua la kufanya na mikono. Mtu wa pili, yule aliyepaswa kuwa Kabwe, sasa anaongozwa na mashine. Ni mjinga sijapata kuona. Unamwita aje, anaangalia mawe. Unateleza, anasimama pembeni na kamba yake. Na kila baada ya muda anapiga kelele kwa Kifaransa kizuri cha redioni: "Tout va bien!" Mambo yote sawa. Anakwama kwenye jiwe, tout va bien. Theluji inamfunika mpaka shingoni, tout va bien. Kabwe akaanza kumjibu: "Aksanti, papa, tumesikia!" Tukaanza kucheka kidogo kidogo.

Kisha yule mtu akaanguka. Akazama kwenye ufa wa barafu, haonekani hata kofia. Na kutoka chini kule, sauti ile ile, changamfu: "Tout va bien!"

"Angalia muongo," Kabwe akasema. "Ameanguka mbali vile na anasema tout va bien. Sasa bantu batamutosha mule ndani namna gani?"

Mikono yangu ikasimama.

Sikupanga. Mlima mgumu niliokuwa naungoja haukufika, macho yake hayakuwa hata kwenye televisheni, yalikuwa kwangu, kwa sababu alishangaa nimeacha kucheza. Nikamwambia hivyo hivyo, ananiangalia. Nikamwambia tulikuwa na mimba mwezi wa tisa. Nikamwambia ilitoka Jumatano, siku mbili kabla hajafika, ilikuwa ya wiki nane. Nikamwambia nilienda peke yangu na nikarudi peke yangu. Nililia vibaya, kwa makamasi, si kilio cha kwenye filamu.

Kabwe aligeuza kiti chake, akanikabili.

Kisha akauliza, "Ile siku ya Jumatano, minye nilikupigiaka simu?"

"Ndiyo."

"Saa sita."

"Ndiyo."

"Ulisemaka unashona manguo ya mariage."

Alikumbuka. Miezi miwili, na alikumbuka mpaka nguo za harusi. Sikuwa nashona kitu siku ile.

"Ulikuwaka fasi gani?"

"Kwenye benchi, pa zahanati. Nangoja waniite."

Aliinama, akashika kichwa. Alisema alikuwa amepanda kile kilima chao cha Koni penye rezo ya simu, jua linachoma, na baada ya kuongea nami alishuka anapiga mluzi. Alirudia hilo la mluzi mara mbili. Hakunigombeza, na nilikuwa nimejitayarisha kugombezwa. Aliuliza kama iliuma. Aliuliza nani alinishika mkono. Nilipomwambia hakuna, akachukua mkono wangu na manete pamoja, vyote viwili, akavishika.

Tulikaa hivyo, na yule mjinga chini ya barafu anaendelea kutuhakikishia kwamba mambo ni sawa, mpaka umeme ukakatika akanyamaza. Jirani akapiga kelele ukutani, "Papa Koni!" Kwa mara ya kwanza Kabwe hakumjibu.

Amelala sasa. Kabla ya kulala nilimuuliza kama naweza kuandika haya hapa, akasema ndiyo, maana huenda kuna mwingine aliyekaa kwenye benchi kama lile. Nilipomsomea nilichoandika kwenye daftari, alinisahihisha mahali pamoja. Nilikuwa nimeandika kwamba nililia. Amesema niandike vizuri: walilia wawili.

Sasa swali lenu, maana najua kesho mtaniuliza sokoni. Ule mpya tununue?

Hapana. Msinunue. Naandika hivi bila hasira, ile ya mchana imepoa. Mlima ni mzuri, na mtu fulani amekesha kuuchora, namhurumia, labda naye aliwaambia wakubwa wake waache wawili wakae kwenye kiti kimoja na hawakumsikia. Lakini ukiwa na mwenzako wa kucheza naye, mchezo huu utawatenganisha. Ukiwa peke yako, utakufunga kamba na mtu asiyevuta. Papa Mumba amesema ananipokelea mpaka Jumatano kama diski haijakwaruzwa, na nitaurudisha. Umeme uliporudi, Kabwe aliutoa mwenyewe na kuutia kwenye boksi. Ule wa zamani ameufuta kwa shati lake na kuuweka juu ya televisheni, tayari kwa wiki atakayorudi.

Na nyinyi mlioniamini mkanunua Ijumaa kwa sababu mlimwona Fidé anatoka dukani na boksi mkononi, nisameheni. Rudisheni kabla ya Jumatano.

Nami nimeongeza sheria ya tano, ya kwangu peke yangu: usinunue mchezo ili ukusemee.

Kesho gari la kazi litampitia alfajiri. Saa sita atapanda kilima chao penye rezo, na simu italia hapa mezani, kando ya mkasi. Ataniuliza kama anavyoniuliza kila siku: "Mama, uko namna gani?"

Nitasimamisha mashine kwanza. Halafu nitamwambia.